Lubugo ya Bibi Ndani ya Piano

Mwezi uliopita nilifika kwetu Nyabiyonza, nikakuta akina mama wanatandaza majani mabichi sebuleni kwa ajili ya wageni. Ile harufu tu! Nilicheka peke yangu mpaka wakaniuliza nimepatwa na nini. Kaa nikueleze, rafiki yangu, maana majani kama hayo nusura yamuharibie shangazi yangu harusi.

Nilikuwa binti mdogo, bado niko shule ya msingi. Kanisani kwetu kulikuwa na piano kuukuu, na mwalimu wa kwaya alikuwa amenifundisha kuipiga. Shangazi aliapa kwamba haingii kanisani bila piano, tena nipige mimi, mtoto wa kaka yake. Wakwe walikuwa wanatoka Nyakatuntu, na walishaanza kutamba kuwa kwa muziki hatuwawezi. We! Wiki nzima kila meza niliyoiona niliichezea vidole, hata ile ya kulia ndizi na maharage.

Jioni ya kuamkia harusi, akina mama wakatandaza majani kanisa zima, yametoka kunyeshewa. Piano nayo wakaiona ni ya kuheshimiwa, wakairundikia majani chini, nyuma na juu. Asubuhi nabonyeza, vibonyezo vinazama, havirudi.

Mwalimu alishika kichwa. "Mbao zimevimba! Ng'oa vyote!"

Tukavitandaza juani kwenye jamvi la kahawa, na bibi akawa anavigeuzageuza kama anavyogeuza kahawa yake, huku akifukuza kuku. Ndani, mwalimu anazidonoa nyuzi kwa kidole na kuzikaza moja moja, jasho linamtoka, hewani harufu ya pilau la harusi. Mimi nakimbia nje ndani, nje ndani, moyo unanidunda kwa hofu na furaha pamoja.

Tulipovirudisha, vikainuka vyote! Nikaruka juu. Halafu nikabonyeza sauti ya kuanzia wimbo wa shangazi: ko! Ubao mtupu. Kumbe panya walikuwa wametafuna kile kitambaa kizito kinachofunika nyundo ya kugonga uzi. Mwalimu akajaribu kipande cha blanketi, sauti ikafifia kabisa. Na vigelegele vya msafara tayari vinasikika barabarani.

Bibi akatoka. Nyumba yake ilipakana na kanisa. Alirudi mbio, kakumbatia lubugo yake, nguo ile ya magome ya mti aliyoitunza sandukuni azikwe nayo. Sisi wajukuu tulikatazwa hata kuigusa.

"Mama, hii hapana," mwalimu akasema.

"Kata hapo pembeni, mwalimu. Huko niendako hawapimi kona. Bibi harusi yuko mlangoni!"

Mwalimu akakata, akaizungushia ile nyundo, akaifunga kwa uzi. Nikabonyeza. Mungu wangu, sauti ilivyotoka! Nene, tamu, imeshiba. Shangazi akaingia nikiwa napiga, analia na kucheka, na wale wa Nyakatuntu wametulia tuli. Bibi alicheza mpaka kitambaa cha kichwani kikamdondoka. Mpaka leo sijawahi kufurahi vile.

Siku hizi kanisani wanapiga kinanda cha umeme. Mwalimu alihama, piano ikatupwa stoo pamoja na mabenchi mabovu. Bibi tulimzika na lubugo yake kama alivyotaka, kona moja haipo. Namkumbuka sana, tena sana.

Basi mwezi uliopita, siku ile ya majani ya sebuleni, niliomba ufunguo wa stoo. Nikapangusa vumbi, nikabonyeza huku na huku: nyuzi zinakwaruza, nyingine bubu kabisa. Nikaacha sauti ya shangazi iwe ya mwisho, kwa woga. Nilipoibonyeza ikaitika, nene na tamu vilevile, nami nikapiga kigelegele mle stoo, peke yangu, hadi mlinzi akaja mbio.