Mama, Mkwewe na Sufuria la Zawadi

Hoteli yetu ya Sanje ilikuwa chumba kimoja cha udongo pale barabarani, ukitoka Kidatu unakwenda Ifakara. Nyie mkisikia hoteli msije mkafikiri kulikuwa na vitanda. Kulikuwa na mabenchi, meza mbili, vikombe vya bati, na vitumbua. Basi. Lakini vitumbua vyenyewe, we acha tu! Lori likipita bila kusimama, ujue dereva anaumwa.

Vitumbua alikuwa anapika mama yangu, mama aliyenizaa. Baba alipofariki kule upande wa Mahenge, mume wangu mwenyewe alisema mama aje akae na sisi, tukamjengea kijumba chake nyuma. Mume wangu alikuwa mbele, anauza, anamimina chai, anapiga soga na madereva. Mama nyuma jikoni. Mimi katikati.

Na hapo katikati ndipo palipokuwa na kazi, maana kwetu enzi zile mwanaume na mama mkwe wake hawakutani. Hawaangaliani usoni, hawasemeshani, hawapishani mlangoni. Siyo ugomvi, heshima yenyewe ndiyo hiyo. Mama akisikia mume wangu anakohoa uani, anageukia ukuta, kanga kichwani. Mume wangu akiona mama anatoka, anajitosa hata kwenye migomba ya jirani. Sasa watu wa namna hiyo ndio wanaendesha biashara moja!

Tulitoboa kidirisha kati ya jiko na chumba cha wateja, tukaning'iniza gunia. Mama anapenyeza sahani chini ya gunia, mume wangu anapokea. Maneno ndiyo yalipita kwangu.

"Mwanangu, mwambie mumeo mchele unakaribia kuisha."

Na mume wangu yuko hapo hapo, upande wa pili wa gunia, kasikia kila kitu. Lakini anangoja.

"Baba watoto, mchele unakaribia kuisha."

"Ahaa! Mwambie mama nitaleta kesho."

"Mama, anasema ataleta kesho."

"Haya, mwambie asante."

Madereva walikuwa hawana mbavu. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Dada, ukiumwa koo si hoteli inafungwa?"

Basi, mwaka mmoja akawa anapita bwana afya, anakagua hoteli zote za barabarani mpaka Ifakara. Anaangalia vikombe, anaangalia choo, anaonja. Kwetu alionja akaonja tena, nikaona huyu sasa hakagui, anakula. Siku nyingine akarudi akasema kuna sherehe Ifakara, serikali inataka kuwapa zawadi wenye hoteli wanaofanya kazi vizuri, na sisi tumo kati ya waliochaguliwa. Twende, na mpishi aje.

Nikapeleka habari jikoni. Nilijua atakataa. Mama alikuwa anachota togwa ya kuumulia unga wa vitumbua, akasimamisha mkono.

"Nimepika tangu sijaota maziwa," akasema. "Msibani nimepika, harusini nimepika. Wanakula, wananawa, wanaondoka. Sijawahi kuitwa mbele za watu nikaambiwa wewe ndiye uliyepika. Mwambie mumeo nitakwenda."

Mume wangu nilipomwambia alifurahi, halafu akakuna kichwa. "Tutakwendaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Lori lilikuwa moja. Mama tukampandisha mbele kwa dereva, sisi tukakaa nyuma juu ya magunia, mume wangu kaupa mgongo upande wa dereva, anatazama vumbi tunaloliacha. Dereva akatoa kichwa dirishani, "Mmegombana nyie?"

"Hatujagombana!" nikamjibu. "Wewe endesha!"

Ifakara siku hiyo ilijaa. Walikuwa wamejenga jukwaa la mbao uwanjani, lina ngazi kwa mbele, limepambwa makuti na maua. Juu ya meza kulikuwa na zawadi: sufuria kubwa linalong'aa, lina vishikio viwili, mtoto angeweza kuogelea humo. Mama alipoliona alinifinya mkono mpaka nikasema yalaa.

Tukapewa viti viwili vya mbele, kimoja cha mwenye hoteli, kimoja cha mpishi, vimebanana. Mama hakukikaribia. Akaenda kukaa na wanawake nyuma kabisa, nami nikamfuata. Jirani yetu pale alikuwa mama mmoja mwenye hoteli karibu na soko la Ifakara, mnene, mcheshi, mdomo wake haulali.

"Shikamoo mama," akamwamkia mama yangu. "Nyinyi ndio wa Sanje? Nasikia mna vitumbua na mnaongea kwa tarishi!"

"Marahaba," mama akajibu. "Tarishi ni huyu hapa. Una salamu?"

Watu wakacheka, na yule mama akacheka kuliko wote. Lakini akaongeza, "Sufuria lile jikoni kwangu limeshapata nafasi, msijisumbue."

Karani akapanda jukwaani akatafsiri maneno ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Hoteli ya kwanza, Sanje! Tukapiga vigelegele. Halafu karani akasema tena: zawadi inapokelewa na mwenye hoteli pamoja na mpishi, kila mmoja ashike kishikio chake, watu wawaone wote wawili. Kuna watu, alisema, huazima wapishi siku ya kukaguliwa. Asipoonekana mpishi, sufuria linakwenda kwa hoteli ya pili. Na ya pili ilikuwa ya yule mama wa sokoni.

Mume wangu akapanda. Akashika kishikio kimoja. Mama hakuinuka.

"Mama, nenda," nikamwambia.

"Niende wapi? Nikasimame na mkwe wangu tunatazamana juu ya sufuria, Ifakara nzima inatuangalia? Huko Mahenge watasema nini?"

"Mama, wataligawa!"

"Waligawe." Lakini macho yake yalikuwa palepale kwenye sufuria. Nikajua hapa mama anakatika vipande viwili.

Karani akaita tena. Bwana Shauri akaangalia saa yake. Yule mama wa sokoni alishaanza kukaza kanga kiunoni, na wala simlaumu.

Mume wangu kule juu alitutafuta kwa macho, akatuona, akaelewa. Unajua alichofanya? Aligeuka. Aliwapa mgongo watu wote, akampa mgongo na Bwana Shauri mwenyewe aliyekuwa amesimama kando yake, akatazama ukuta wa makuti kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Mkono mmoja akauacha nyuma, umeshika kishikio. Enzi zile kumpa mgongo Bwana Shauri! Askari mmoja alisogea hatua. Karani akamuuliza kwa ukali, "Wewe mzee, una wazimu?"

Mume wangu akajibu bila kugeuka, tena kwa sauti, "Mama mkwe wangu anapita."

Wazee waliokaa mbele, watu wa kwetu, wakaanza kuguna, "Eee! Naam!" Karani akamnong'oneza Bwana Shauri, akaeleza na mikono. Bwana Shauri akasikiliza, halafu, sijui alielewa nini, naye akasogea pembeni na kuinamisha macho.

Mama akainuka. Alijitanda kanga, akapita katikati ya watu taratibu, akapanda zile ngazi, akashika kishikio cha pili. Wakasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, sufuria katikati, mama uso kwa watu. Karani akasema, "Huyu ndiye mpishi!" Jamani, vigelegele! Aliyepiga cha kwanza alikuwa yule mama wa sokoni. Mama alikuwa anatazama mbele tu, kidevu juu. Sijawahi kumwona vile, hata siku ya harusi yangu.

Kupanda kuliwezekana. Kushuka sasa, na sufuria wamelibeba wote wawili. Mama alikuwa anatangulia, anaona njia. Mume wangu anamfuata kinyumenyume, haoni anapokanyaga, na kugeuka hawezi. Mama alipofika ukingoni akapaza sauti kwangu, "Mwanangu! Mwambie mumeo kuna ngazi!"

Nami nikapiga kelele, "Baba watoto, ngazi!" Nani anasikia? Uwanja mzima unashangilia. Nikapiga tena. Mume wangu anarudi tu nyuma, kisigino kimoja kiko hewani tayari.

"Baba, ngazi!" mama akasema. "Shusha mguu polepole. Hapo. Na mwingine."

Mume wangu alishusha mguu, akashusha na mwingine, mpaka chini. Alikuwa analowa jasho. Katika miaka yote ya ndoa yetu lile lilikuwa neno la kwanza la mama kwake.

Njiani kurudi mama alikuwa ameinamisha kichwa. Sufuria lilikuwa mbele pamoja naye, amelipakata. Nilidhani anajutia. Tulipofika nyumbani akaniita kijumbani kwake.

"Nimefikiri sana," akasema. "Mtu anaanguka, ukamwambia, hujavunja heshima. Ungenyamaza ndiyo ungekuwa umevunja. Mbele ya hatari inaruhusiwa."

"Mama, nimwambie hivyo?"

"Mwambie."

Nikamwambia. Mume wangu akasema naye anaona hivyo hivyo, mbele ya hatari inaruhusiwa.

Basi kesho yake asubuhi tukapikia chai kwenye sufuria jipya. Kutoka nyuma ya gunia nikasikia, "Baba, angalia, chai ya moto." Nikasema sawa, chai ya moto ni hatari kweli. Siku chache baadaye, "Baba, kikombe hiki kina ufa." Haya, nacho kinakata mdomo. Mvua zilipoanza ikawa, "Baba, kuni zimelowa," na mume wangu anajibu mwenyewe, "Nimesikia mama, nitaleta kavu." Mpaka tunavuna mpunga, chumvi ikipungua ni hatari, nazi zikichelewa ni hatari, dereva akiondoka hajashiba ni hatari kubwa. Kuonana hawakuonana, gunia halikutoka, na mume wangu aliendelea kuingia kwenye migomba ya watu.

Mimi nilipata kiti pale katikati. Nikawa na mimi nakaa, nakunywa chai yangu ikiwa bado ya moto, nawasikiliza.