Chemchemi Iliyohamwa

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kubebeshwa kidumu kidogo kwenda kuchota maji, chemchemi ya kwetu, kwenye vilima vya juu ya Dongobesh, ilikuwa na wenyewe. Hatukuwahi kuwaona, na hakuna aliyetamani. Bibi, mama yake baba, alitufundisha masharti yao kabla hatujajua kusali Baba Yetu. Usichote kwa sufuria yenye masizi. Usipige kelele. Usivunje hata kijiti kwenye miti inayoizunguka.

"Mkikata miti yao, wenye maji watahama," alituambia. "Wakihama hawaachi kitu."

Palikuwa na mikuyu mikubwa pale, imefungamana na mimea ya kutambaa, na chini yake pana ubaridi hata jua likiwa utosini. Tulipofika vyura walinyamaza, nasi tukanyamaza. Nilikuwa nachota huku nimebana pumzi, na nikishaondoka ndipo napumua.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na mkulima asiyependa kuona ardhi imekaa bure. Wakati ule vitunguu saumu vilikuwa vimeanza kupata soko, na kila mwenye shamba alitafuta mahali penye unyevu. Shamba letu lilipakana na chemchemi. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, baba alinoa shoka.

"Mama, sisi tumebatizwa," alimwambia Bibi, kwa upole, maana hakuwa mtu wa kumpandishia mama yake sauti.

"Hata mimi nimebatizwa," Bibi akajibu. "Na maji ya kunibatiza yalichotwa pale pale."

Baba alikata. Nilisimama na mama pembeni ya shamba nikisubiri aanguke. Hakuanguka. Jioni alirudi, akala ugali na maziwa, akalala, akaamka mzima. Sijui kama naweza kueleza jinsi jambo hilo lilivyonivuruga. Nilimpenda baba na sikutaka adhurike, lakini pia nilikuwa nimeambiwa kitu na watu wazima, na kitu hicho hakikutokea.

Vitunguu vilistawi. Upande wa juu, palipokuwa na mikuyu, baba alipanda mikaratusi ili apate nguzo za nyumba mpya ya bati aliyomwahidi Bibi. Miti ile ilikua haraka kutuzidi sisi watoto. Maji nayo yakawa yanapungua kidogo kidogo, kiasi kwamba kila mtu alidhani ni ukame wa mwaka huo tu. Awali tulizamisha dumu zima. Baadaye tukachota kwa bakuli, kisha kwa kikombe, tukisubiri maji yajikusanye. Kiangazi kimoja mama alirudi na dumu tupu, akalilaza mlangoni.

"Wamehama," alisema.

Nilimtazama Bibi. Nilitegemea atamkumbusha baba maneno yake. Yeye alikaa tu kizingitini mpaka chakula kikapoa.

Ikabidi tukachote kwenye lambo la mifugo, mbali, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mama aliyachemsha kuni zilipopatikana. Haukupita muda mrefu, mdogo wangu Emanueli, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, akaanza kuharisha. Macho yakamwingia ndani. Baba alimbeba kwenda zahanati, na huku nyuma majirani wakajaa uani kwetu. Mama Boay, rafiki wa siku nyingi wa Bibi, ndiye aliyesema waziwazi kile wengine walichonong'ona.

"Wenye maji wamemshika mtoto. Mkosi wa baba yake huo."

Bibi alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini siku hiyo nilimwona mrefu.

"Wenye maji hawali watoto," alisema. "Mtoto amekunywa mavi ya ng'ombe. Tusiwasingizie."

Akaingia ndani, akatoka na jembe, akaelekea chemchemini. Mama alimfuata, nami nikamfuata mama. Tulimkuta anachimba kwenye shina la mkaratusi, udongo mkavu ukimrukia usoni.

"Bibi, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nawatengenezea nyumba," alisema bila kuinua kichwa. "Nani atarudi mahali pasipo na mikuyu, penye miti inayomnywea maji yake?"

Baba alirudi na Emanueli siku chache baadaye, mtoto amekonda lakini analilia chakula. Alitukuta mtelemkoni, sote watatu tumechafuka. Aliutazama mti ulioinama, mizizi yake ikiwa wazi.

"Mama, hizo ni nguzo za nyumba yako."

"Sikuomba nyumba," Bibi akamwambia. "Naomba maji."

Baba alimkabidhi mama mtoto, akaenda nyumbani kuchukua shoka. Hakuomba radhi siku hiyo, wala baadaye. Alikata mikaratusi yote.

Kumbe kukata ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kila mvua visiki vilichipua, na kila vilipochipua tulivirudia mpaka tukaving'oa. Baba alivihamishia vitunguu bondeni, akaliacha lile eneo lenye rutuba kuliko yote. Tulipanda matawi ya mkuyu, mbuzi wakayala. Tukapanda mengine, tukayazungushia miiba. Wanawake waliotoka kuchota mbali walipita wakamwagia kila tawi maji kidogo, maji waliyoyabeba kichwani mwendo mrefu, na wapo waliotucheka.

Nilikuwa nasoma sekondari Mbulu nilipokuja likizo na baba akaniambia nimfuate. Chini ya mikuyu michanga, udongo ulikuwa umelowa. Katikati palikuwa na maji, upana wake kama sahani. Tulijaza kikombe, tukampelekea Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alionja, akayazungusha mdomoni.

"Bado yana udongo," alisema. "Lakini ndiyo yenyewe."

Nilimuuliza kama wenyewe nao wamerudi.

"Kawaulize," alinijibu. "Mimi nimechoka."

Siku hizi nami nalima vitunguu saumu, na ndimi mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji. Kiangazi kilichopita kijana mmoja jirani alileta pampu, akataka kufyeka njia katikati ya mikuyu ili avute maji kwenye jicho lenyewe la chemchemi. Alinisalimia vizuri, shikamoo mama, kisha akatabasamu.

"Au na wewe unawaogopa wenye maji?"

"Hao siwezi kukuthibitishia," nilimwambia. "Ninachojua ni kwamba ukikata hapa, wewe ndiye utakayekaa na jembe mpaka watoto wako waote ndevu. Mimi zamu yangu nimemaliza."

Alicheka, mimi sikucheka. Akaishusha pampu mpaka kwenye mfereji wa chini, yanapopita maji yaliyozidi.

Nimelifikiria sana jambo hili. Hofu ya Bibi ilikuwa uzio, na ulilinda maji kwa vizazi bila mtu kutoa jasho. Baba aliuvuka uzio ule na radi haikumpiga, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuusimamisha tena. Wanangu wanachota maji wakiimba na kusukumana, hawabani pumzi hata kidogo. Siwezi kuwarudishia ile hofu, na sina hakika kama ningependa. Ninachoweza ni kuwapeleka kila msimu wa mvua, kila mmoja na mche wake mkononi, na kutoondoka mpaka wa mwisho ameufukia.