Kiingereza cha foleni

Miaka ya Wabeleji, Kiingereza kilihesabiwa lugha ya wachochezi. Siku moja hapa Kolwezi, kwenye foleni ya vibali vya safari, mzee mmoja mbele yangu, tata kama tunavyowaita hapa, alikuwa akinong'ona somo letu la siri, la kueleza kitu kwa kazi yake: maji ya kunywa, nyumba ya kulala. Yote kwa Kiingereza, maana alikuwa anaelekea Rodezia, kwa Waingereza.

Mzungu wa dirishani akainua kichwa. "Nani anakufundisha hii Kingereza?"

Tata akakunja kofia yake mpaka ikaenea ndani ya ngumi. "Hapana mutu, Bwana. Mi nasikiaka tu mu redio."

Redio hakuwa nayo. Sisi wanafunzi wenzake tukatazama viatu vyetu; wasio na viatu wakatazama vidole.

Jioni, kwa mwalimu, kulikuwa na chaki ya kuandikia na viti vya kukalia. Mtu wa kuvikalia hakutokea.