Jerikani la Dereva Karibu na Nebbi

Leo nimemtukana dereva wa basi mbele ya abiria wote.

Tulitoka Kampala alfajiri. Jua linazama, Nebbi iko karibu, dereva akasimamisha gari porini, akashuka na jerikani la maji.

Nikajua injini imechemka. Nikapaza sauti: basi bovu hili, Arua tutafika lini?

Dereva akawaita abiria wazee wa Koboko waliofunga Ramadhani, akawanawisha, akawapa maji ya kufuturu. Akatia na sukari, hii hii tunayoipangia foleni.

“Mama, gari iko mzuri,” akaniambia. “Wazee ndiyo iko na kiu.”

Yeye mwenyewe ana msalaba shingoni.

Niambieni, nimwombe radhi vipi? Mimi nimetafuna muhogo tangu Karuma, mbele ya wazee hao hao.