Sarafu Iliyosuguliwa kwa Siki

"Hivi Mama Guilan, pesa zenyewe hazinunui hata kitunguu, unazitunzia nini?" jirani yake mmoja aliwahi kumuuliza, ameegemea mlango na ufumaji wake mkononi.

Qu Guilan hakukasirika. Alimjibu kwamba zilinunua vya kutosha enzi zao, sasa zimestaafu kama yeye, aziache zipumzike. Akamkaribisha chai, maneno yakaishia hapo.

Alikuwa mjane wa mji wa Datong, zamani mpishi wa kiwandani, mwili mzito na kicheko chepesi. Sarafu zake za kale, zile za shaba zenye tundu la mraba katikati, alizilaza juu ya pamba ndani ya kopo la biskuti. Aliyoipenda kupita zote aliiokota baba yake shambani, nayo ilikuwa imevaa ukijani kama wa jani la kitunguu. Ukijani huo shaba huuota kwa mamia ya miaka ikiwa udongoni, na kwa wanaokusanya sarafu ndio uzuri wenyewe.

Kila siku ya tano ya mwaka mpya alikutana na wakusanyaji wenzake wawili, Luan Shufen muuza vitambaa na Mzee Fan kinyozi, dukani kwa huyu kinyozi. Mwezi ule viti vya kinyozi hukaa vitupu, maana kwao huaminika kwamba anayenyolewa mwezi wa kwanza humletea mjomba wake kifo, na nani atakubali? Basi Mzee Fan hutandaza taulo mezani, kila mmoja huweka sarafu moja na kueleza kisa chake, kisha kila mtu huweka karanga moja mbele ya sarafu ya mwenzake. Mwenye karanga nyingi huondoka na bakuli la shaba. Bakuli hilo Mzee Fan alikuwa amelikalia miaka na miaka, tena kwa uchokozi akawa anakorogea humo povu la kunyolea. Guilan alilitaka. Mwaka huu aliamua kuitoa ile ya kijani, ambayo wenzake hao hawakuwahi kuiona.

Asubuhi akafungua kopo. Sarafu iling'aa kama kijiko kipya.

Nyuma yake alisimama Yanqing, mkamwana wake, aliyeolewa hapo nyumbani msimu wa mavuno. Mikono ilimnukia siki. Kwa furaha alieleza kwamba alikuwa ameisugua jana kutwa, kwa siki na majivu, ili mama asiaibike mbele za watu.

Guilan akakaa kitandani. Ukijani ukishatoka haurudi. Lakini huo ulikuwa mwaka mpya wa kwanza wa binti huyu akiwa ugenini, mbali na mama yake. Akamshukuru, akavaa koti. Yanqing akabeba sufuria la maandazi madogo ya nyama, yale ya kuchemshwa, wakatoka pamoja, na njia nzima Guilan alimwomba Mungu awafunge vinywa watu wawili.

Sarafu ilipotua kwenye taulo, Shufen alipaliwa na chai. Mzee Fan akainama, akavaa miwani, akaivua.

"Dada Guilan, hii inaenda harusini?"

"Nimeisafisha mimi, mzee wangu," Yanqing akadakia. "Ilikuwa chafu hiyo, we acha tu."

Mzee Fan akafumbua mdomo. Guilan akamkazia macho, kama unavyomkazia mtu anayetaka kupiga kelele karibu na mtoto aliyelala. Mdomo ukafumbwa. Kinyozi yule, ambaye ulimi wake haujawahi kumhurumia mtu, akauliza siki ilikuwa ya duka gani, akasema mkono huo ungefaa kunoa nyembe zake. Shufen naye akaitikia kwa kichwa, macho kwenye kikombe.

Guilan akasimulia habari za baba yake na shamba. Karanga zikawekwa. Mbili zikaenda kwa Mzee Fan, moja ikiwa ya Guilan mwenyewe, kwa sababu haki ni haki. Ya Mzee Fan ikaja kwa Guilan.

"Ya msuguaji hiyo," kinyozi akasema. "Ila bakuli haliondoki, Dada. Povu langu limelizoea."

Wakacheka, Guilan zaidi ya wote, wakala maandazi mpaka sufuria likabaki maji.

Wakati wa kurudi Yanqing akampa pole. Alisema labda wameshindwa kwa kuwa walipeleka moja tu, na kabla ya mwaka mwingine atazisugua zote za koponi. Guilan akasimama pale pale barabarani, akamshika mkono.

"Mwanangu, zile nyingine naomba uniachie na uchafu wake."