Kola kwa Mkono wa Kushoto

Alisajiliwa kusomea shahada ya uzamivu katika usimamizi wa mashirika Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2017. Mtoto wake wa mwisho alikuwa hajamaliza kuota meno. Sasa yuko darasa la pili, na akiulizwa mama yake anafanya kazi gani, hujibu kwamba mama anamalizia.

Nyumbani wanamwita Daktari. Jina hilo alipewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye kila akija hujishika kichwa na kulalamikia homa. "Daktari, utaanza lini kututibu?" Zamani alikuwa akicheka. Siku hizi humsogezea kiti tu.

Swali la utafiti wake ni rahisi kulisema: kwa nini katika kiwanda cha mashati ambako karibu washonaji wote ni wanawake, wasimamizi karibu wote ni wanaume? Kulijibu ndiko kulikomzeesha. Mchana anafundisha mwaka wa kwanza kwa mkataba wa muda, jioni anasahihisha. Tasnifu huambulia masalia ya siku, kwenye meza ya chakula, makombo yakishafutwa.

Kiwandani aliingizwa na wifi yake, dada wa mumewe, mshonaji wa kola. Uongozi ulimruhusu kwa sharti moja: meneja aisome kila sura kabla haijakubaliwa chuoni. Wakati ule aliliona sharti jepesi.

Jibu alilikuta kwenye mapumziko ya mchana. Pale kila mwanamke hushona kipande kimoja: kola, mkono au mfuko. Wanaume huzungushwa mashine zote, eti wao ni wepesi wa kuhamahama. Anayetaka usimamizi hupewa mtihani wa kushona shati zima, na mwanamke aliyekaa na kola miaka yote huishia kwenye kola. Kwa hiyo kengele ya chakula ikilia na wasimamizi wakitoka, wanawake hubadilishana viti. Wa kola humfundisha wa mikono, wa mikono humfundisha wa kola, kwa vitambaa vilivyoharibika. Kugusa mashine saa hiyo ni kosa la kufukuzwa kazi.

Profesa anayemsimamia, mtu mgumu wa kusifu, aliisoma sura hiyo mara mbili. "Tasnifu iko hapa," alimwambia. "Kwingine kote ulikuwa unapasha moto. Wapelekee kiwandani waisome, tumalize."

Jumamosi iliyopita wifi yake alikuja kumsaidia kupunguza sare za watoto. Daktari alikuwa akiisoma sura kwa sauti, akisaka makosa. Akafika kwa mshiriki wa saba, anayekunja kola kwa mkono wa kushoto na kuguna kila uzi unapokatika.

Sindano ya wifi yake ilisimama. "Wee wifi! Si mimi huyo?"

"Nimeficha jina."

"Jina la nini? Mle ndani nani mwingine wa kushoto?" Alikuwa akicheka, amefurahi kama aliyejiona kwenye picha ya harusi. "Hebu soma tena hapo pa kuguna."

Daktari hakusoma. Aliufuta mkono wa kushoto, akaweka wa kulia. Kuguna nako akakufuta. Kisha akabaki akiyatazama yaliyosalia: kengele, viti, vitambaa vibovu. Mtu mmoja angeweza kumficha. Mapumziko hayakufichika, na meneja angeyajua kabla hajafungua ukurasa wa pili.

"Naitoa hii sura," alisema.

"Yote? Una akili timamu wewe? Kaka yangu anapika, sisi tunakulelea watoto, leo unatoa? Acha nifukuzwe basi, nibaki kitabuni!"

"Mtihani wako wa usimamizi ni lini?"

Wifi yake aliirudia sindano. "Mwezi ujao."

"Na mfuko umeshauweza?"

"Bado unanipinda upande mmoja."

"Basi," alisema Daktari, akafunga kompyuta.

Profesa alipopewa habari alivua miwani, akayafikicha macho. "Unajua mimi nastaafu mwakani. Atakayekupokea atakuja na maswali yake." Hakumshurutisha. Alitia saini ombi la kuongezewa muda, akamuuliza kama ameshakula.

Shemeji alikuja jioni hiyo na safari hii hakujishika kichwa. Aliuliza tu kama kuna chai, akaenda kuichemsha mwenyewe.

Upande wa pili wa mji kuna kiwanda cha viatu. Humo Daktari hana wifi wala anayemjua. Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi chake cha kwanza, atakwenda getini kumwomba mlinzi amwonyeshe ofisi ya meneja.