Daftari la Philipo na Kisima cha Arnold

Shemeji yangu Philipo Oloo amelinda lango la jengo moja la The Pearl, mtaa wa matajiri hapa Doha, kwa miaka kumi na mmoja, na hajawahi kumpitisha mtu bila kuandika jina, namba ya simu na saa ya kuingia. Hata mwenye jengo aliwahi kurudishwa garini akatafute kalamu.

Kaka yake, marehemu mume wangu Arnold, alichimba kisima kirefu nyumbani Muhoroni, Kenya. Nyumba kumi na nane na shule ya chekechea huteka hapo bure, kwa kuwa Arnold aliwaahidi mbele ya kanisa zima. Lakini kisheria maji yaliyo chini ya ardhi ni ya taifa. Mwenye shamba hupewa kibali tu cha kuyavuta, na kibali kilikuwa kwa jina la Arnold. Ilinibidi niombe kibadilishwe kiwe kwa jina langu kabla hakijaisha tarehe thelathini Aprili. La sivyo pampu ingefungwa, na watu wangesema ahadi ya Arnold ilikuwa maneno matupu. Hilo nisingelivumilia.

Ofisi ya maji ilitaka barua ya ukoo kwamba hakuna anayepinga. Nikaita kikao siku ya Ijumaa, nyumbani kwangu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Ukoo wetu hapa Doha ni watu watano, ila harufu ya pilau ilileta wengine kumi na wanane. Philipo alikuwa mlangoni na daftari.

"Philipo, hapa si kazini," nilimwambia.

"Ndiyo maana sijavaa kofia, shemeji. Haya, mwingine! Saini kwanza, pilau baadaye."

Barua niliiandika mwenyewe, sisi watano tukatia saini, nikampa Philipo aitume. Baada ya wiki moja likaja jibu: kwa kuwa waombaji wa maji ni ishirini na watatu, wale kumi na wanane wasio wa ukoo walete hati zao za urithi au wajitoe kwa maandishi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.

"Uliambatisha nini?" nilimuuliza.

"Ukurasa wa daftari. Niliona watano ni wachache, shemeji. Nikasema ofisi ione tuna watu."

"Umewagawia maji ya Arnold watu waliokuja kula!"

"Na walikula kweli. Huyu Onyango aliingia mara tatu. Saa zote tatu ziko hapa."

Nilikuwa nimeshapandisha hasira, lakini Onyango na saa zake tatu akanimaliza. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikautazama ule ukurasa vizuri. Namba za simu zilikuwepo zote, hakuna hata moja iliyorukwa.

Philipo akaanza safari ya kuwatafuta wajitoe kwa maandishi. Kila akitoka zamu alipanda basi kwenda Industrial Area, ambako aliwapata tisa katika kambi moja ya wafanyakazi, wakatia saini juu ya kitanda. Wengine aliwafuata hotelini na kwenye maegesho ya madereva. Wa mwisho alikuwa Faridah wa Jinja, mpishi katika nyumba ya watu, nami nilifuatana na Philipo kwenda kwake.

"Nimepata kisima Kenya, halafu nikiache hivihivi?" Faridah alisema, mikono kiunoni. "Mama, nipikie tena ile pilau."

"Saini kwanza, pilau baadaye," Philipo akajibu.

"Wewe soja, hata mlangoni uliniambia hivyo hivyo!" Akacheka, akatia saini.

Kibali kilitoka tarehe ishirini na saba, kwa jina langu. Mwalimu wa chekechea alinitumia picha ya bomba likimwaga maji, na watoto wamelowa.

Ijumaa iliyofuata nilipika, deni la pilau ni deni. Daftari nililificha kabatini. Philipo alisimama mlangoni hajui aiweke wapi mikono yake, na Onyango akagoma kuingia.

"Daftari liko wapi? Leo naingia bila kurithi chochote?"

Nikalitoa. Lakini kabla sijamkabidhi Philipo, niliandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: WALIOKUJA KULA TU.